Likizo ya Kokugonza na Kiti Chake Kirefu

Georgina Kokugonza alikuwa binti Byabato wa Kamachumu, yule Byabato aliyefyatua matofali ya kanisa misimu miwili bila kuomba hata kikombe cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mama yake alizalisha wanawake wa vijiji vitatu. Yeye mwenyewe, mwaka wa Uhuru, alishona kwa mkono bendera ya shule ya Izimbya, na kitambaa cha rangi ya dhahabu kilipokosekana akavua kilemba chake akakikata. Ilipokuja habari ya kuhamia vijijini, alisimama mkutanoni akamwambia katibu kata kwamba migomba haihamishwi kama vitanda. Ndiye aliyeolewa na kaka yangu Protase, na mimi wifi yake nilimjua vizuri kuliko waliosoma risala siku ya mazishi yake.

Nyonga yake ya kulia ilimtesa miaka sita. Mwishowe akawa anapalilia kibanja huku amekaa, akijiburuta kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Mwaka 1976 alipanda meli kwenda Mwanza. Huko daktari wa mifupa akautoa mfupa uliochakaa na kumwekea wa chuma. Hakulipa kitu, maana wakati ule matibabu yalikuwa ya serikali, na tangu hapo akawa anatuambia kwamba anatembelea mali ya umma.

Daktari alimwonya vikali. Asichuchumae, asipige magoti, asikae mahali palipo chini kuliko magoti yake. Chuma kikiteguka atarudi kitandani, na safari hiyo huenda asiinuke tena. Sasa fikiria Mhaya wa kike asiyeweza kukaa chini. Nyumbani kwetu wanaume ndio wenye viti. Sisi tulikaa kwenye nyasi zilizotandazwa, miguu tumeikunja upande mmoja. Protase akamwagiza seremala kiti kirefu cha mti wa msizi, chenye mgongo ulionyooka. Kikawa kirefu kuliko chake yeye mwenye nyumba.

Miezi saba baadaye, Kokugonza akiwa na fimbo moja tu, alitangaza wakati tunakula ndizi na maharage.

“Naenda likizo Kamachumu. Wiki tatu.”

“Likizo ni ya walimu,” Protase akasema. “Wewe umeajiriwa na nani?”

“Na wewe, tangu mwaka wa arobaini na nane. Hujanipa hata siku moja.”

Majirani walipoona tunafunga mizigo walikuja kuuliza aliyekufa ni nani. Mke wa mkulima alisafiri kwa ajili ya msiba au harusi, basi. Yeye aliwajibu kwamba hakufa mtu na haolewi mtu, anakwenda kuingia nyumba ya baba yake kwa miguu yake, maana mara ya mwisho, kabla ya chuma, aliingizwa amebebwa kwenye machela, watu wanalia.

Nyumba hiyo ilikuwa mikononi mwa kaka yake mkubwa, Kashaija. Tulipanda basi la Bukoba, kisha la Muleba, mimi nimebeba kiti kichwani. Kondakta akataka kukirusha juu ya basi pamoja na mikungu.

“Bibi, viti viko ndani.”

“Vya kwako ni vifupi,” Kokugonza akamwambia. “Weka hicho hapo mbele, na uendeshe taratibu.”

“Mimi siendeshi, bibi.”

“Basi mwambie anayeendesha.”

Tulifika Kamachumu mchana. Habari ilikuwa imetutangulia, na wazee watatu wa jirani walikuwa wamekaa sebuleni na Kashaija wakitafuna punje za kahawa. Kokugonza alisimama mlangoni akasalimia kwa kuinamisha kichwa. Mimi nikapiga magoti, nikatua kiti katikati ya nyasi.

Kashaija akakitazama kile kiti, akapitisha kiganja juu ya mgongo wake. Macho yakamlegea.

“Mnamwona mdogo wangu?” akawaambia wazee. “Ametoka Izimbya, mgonjwa hivyo hivyo, akaniletea kiti.” Akainuka kwenye kigoda chake, akaketi juu ya kile kirefu, akashukuru kwa maneno marefu yenye majina ya baba na babu.

Hakuwa mjinga. Mwanamke anayeingia kwa kaka yake na kiti, atakuwa amemletea nani mwingine?

Nikafungua mdomo, Kokugonza akanikata jicho. Kumwondoa kaka yako kwenye zawadi mbele ya wazee ni kumvua nguo. Akabaki amesimama. Alistidia, mke wa Kashaija, akaleta mkeka mpya akautandika juu ya nyasi.

“Kaa, wifi, umechoka.”

“Nitasimama kidogo.”

Kahawa ikapitishwa, akaitafuna amesimama. Rubisi ikaja, akainywa amesimama. Nikaona ameielemea fimbo na jasho limemjaa juu ya mdomo. Kashaija naye akaona kwamba hakai, akaelewa vibaya.

“Umesimama kama karani wa kodi. Nyumba ya baba yako imeingia siafu? Au siku hizi mkeka wetu haukufai?”

Wazee wakamgeukia. Kokugonza akautazama mkeka. Nikamwona anasogeza mguu wa kushoto mbele, kama mtu anayejiandaa kushuka. Kisha akaurudisha.

“Kaka, waitu,” akasema polepole, kwa adabu. “Umekalia nyonga yangu.”

Akaeleza yote, ya daktari, ya chuma, ya kitanda. Kashaija alisikiliza bila kusogea, mikono yake ikikamata kingo za kiti. Kisha akainuka, akakitikisa mara mbili.

“Nilikuwa nakipima kama kitakubeba,” akasema. “Kitakubeba. Kaa.”

Alistidia ndiye aliyeanza kucheka, akiwa ameficha uso kwenye kanga, na wazee wakamfuata. Kokugonza akaketi, akashusha pumzi iliyosikika nyumba nzima. Mzee mmoja akanung'unika kwamba leo mwanamke amekaa juu ya mwenye nyumba.

“Hicho ni chuma cha serikali kimekaa,” Kashaija akamjibu kutoka kigodani. “Kama una malalamiko, nenda wilayani.”

Likizo yetu ilikuwa njema. Tulikula samaki wa kisiwa cha Bumbire waliokaushwa, na kila asubuhi Kokugonza alitembea hadi kanisani, akiugusa ukuta wa matofali ya baba yake na kurudi bila kupumzika njiani. Mara mbili alitoka kuoga akamkuta kaka yake juu ya kiti, akijitetea kwamba magoti nayo yanamuuma.

Siku ya kuondoka alimwita Adventina, binti wa kaka yake, akampa kamba ya mgomba aliyoifunga mafundo mawili.

“Hiki ni kimo cha kiti changu. Mpelekee seremala atengeneze kingine, kibaki hapa. Ni cha mwanamke yeyote atakayeingia akiwa hawezi kukaa chini. Asiombe. Wewe ndiwe utakayemwonyesha akae, hata wazee wakiwepo.”

“Na nikimkuta baba amekikalia, shangazi?”

“Mwondoe.”

“Baba?”

“Kwa heshima,” Kokugonza akasema, akiegemea fimbo kuelekea barabarani. “Lakini mwondoe.”