Alama Kumi za Kuuliza

Jumanne, 15 Oktoba 2024. Joto kali, mawingu yalijaa upande wa Goweko lakini mvua haikunyesha.

Sajenti mstaafu wa darasa letu la kilimo hapa Tabora hufika kabla wafagiaji hawajamaliza. Hupanga kalamu tatu sambamba na ukingo wa dawati, na mwalimu akiingia husimama peke yake, mikono ameibana mapajani. Mimi huketi nyuma yake. Kola yake sijawahi kuiona imekunjamana. Kwa miezi miwili hakuwa ameuliza swali hata moja, na kuuliza kuna alama kumi. Bila hizo asingeruhusiwa kufanya mtihani.

Leo Mwalimu Asnath, ambaye miaka tisa iliyopita alikuwa kuruta wake katika Jeshi la Kujenga Taifa, alimsimamisha.

"Shikamoo, mzee. Uliza chochote."

"Marahaba, afande. Sina swali."

"Kambini nilikuuliza kwa nini tunachimba shimo halafu tunalifukia. Ukanirusha kichura mpaka saa sita."

"Mzee, leo zamu yako kuruka!" alipaza sauti mwenzetu Masolwa, na darasa zima likacheka.

Shingo ya sajenti ililowa jasho. Alinyoosha kalamu iliyokuwa imenyooka tayari.

"Bado unataka jibu, afande?"

"Hilo ni swali," alisema Asnath, akaandika kumi. "Na ndiyo, nalitaka."

"Sijui. Na mimi niliamriwa, sikuuliza."

Jumatano, 16 Oktoba. Asubuhi alikuja na maswali thelathini na moja daftarini, yote yana namba. La kwanza lilitaka kujua kwa nini kipindi cha saa mbili huanza saa mbili na dakika kumi.