Mchora ramani asiyetaka kusifiwa

Saa mbili asubuhi, mchora ramani, mama wa watoto wawili, amepiga magoti kwenye sakafu ya ghala tupu akichora kwa chaki. Mstari huu ukuta, ule dirisha. Mabenchi aliyoyapanga ndiyo vyerehani. Ukumbi mpya wa ushirika wa washonaji anaulaza chini kwa vipimo vyake halisi, kisha anawaita wenyewe waingie.

"Sheria ni moja," anawaambia. "Atakayesema 'nzuri' anatununulia chai."

Hana mzaha. Jumatatu mafundi wanachimba msingi; kosa likijengewa, washonaji wataishi nalo miaka na miaka.

Yalishamkuta. Wapishi wa shule moja waliipigia makofi ramani ya jiko lao. Jiko lilipokamilika, sufuria kubwa ikagoma kupita mlangoni. Hadi leo wanapikia nje.

"Hawakuielewa karatasi, wakaona haya kuniambia," anasema. "Siku hizi karatasi naiacha nyumbani."

Washonaji wanazunguka, wanakwepa mistari kama kuta za kweli. Wanatazamana tu.

"Mama, mbona hivyo?" mchora ramani anamuuliza mshonaji mkongwe kuliko wote.

"Mwanangu, umejichosha mno. Nikuvunje moyo?"

"Nivunje, mama. Moyo utapona. Ukuta nitauhamishaje?"

Mkongwe anacheka, anaonyesha chumba cha kujaribia nguo, kilichochorwa ubavuni mwa mlango wa kuingilia. "Mwenyekiti, ingia humo uvue koti."

Mwenyekiti wa ushirika, mzee mwenye kitambi chake, anaingia kwenye mraba wa chaki. Koti linavuliwa, mkono unashika vifungo vya shati. Hapo mkongwe anausukuma mlango wa ghala, wazi kabisa. "Hodi! Nimeleta kitambaa!"

Wapita njia wanasimama, wanakodoa macho.

"Ebo! Funga!" anafoka mwenyekiti, akijifunika koti kifuani. "Hata mimi mwanamume naona aibu, sembuse mteja mwanamke?"

Ghala zima linaangua kicheko, na ndimi zinafunguka. Huyu anataka mwanga uangukie sindano, yule anataka pa kumlaza mtoto. Hadi adhuhuri chumba kimehamia nyuma, mbali na mlango, na mchora ramani magoti yamemjaa vumbi jeupe. Anatabasamu.

"Wakishahamia, nitakwenda kushona gauni," anasema. "Nikikuta wateja wamejaa, nikaambiwa nirudi wiki ijayo, nitarudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani."