Disketi Tatu Zilizoandikwa "Mwisho"

Miaka ya tisini ilipoanza, mimi na mwenzangu tulipewa kazi ya kuandika programu ya kompyuta ya mradi wa maji: kisima kipi kiko wapi, pampu gani imeharibika, fundi gani ametumwa. Mimi nilikuwa Kitui mjini, yeye Kikima. Kila Ijumaa tulitumiana disketi kwa gari la mradi, na kila mmoja aliziandika jina alilotaka. Tukajikuta na disketi tatu zilizoandikwa "Mwisho", na ya nne "Mwisho Kabisa".

Nikamwambia, "Ndugu yangu, tuchague moja ndiyo iwe ya kweli."

"Dada, mimi najua disketi zangu."

Hakuzijua. Siku moja alikuja Kitui, akaketi kwenye kompyuta yangu, akanakili kazi yake ya zamani juu ya yangu mpya. Sehemu yote ya pampu, kazi ya wiki tatu, ikafutika. Disketi yangu ya akiba ilikuwa imeingia vumbi, haisomeki.

"Kwani yako ilikuwa wapi?" akaniuliza.

"Hapo hapo ulipoweka yako."

Nikakumbuka kwamba sehemu ile ya pampu nilikuwa nimeichapa kwenye karatasi. Lakini karatasi hizo nilikuwa nimempa mwalimu wa shule ya Jumapili kule Matinyani, watoto wachoree upande wa nyuma. Nikaenda. Nilizikuta zimebandikwa ukutani mwa kanisa: safina, mbuzi, safina nyingine.

"Mama, naomba hizi karatasi," nikamwambia mwalimu.

"Watoto wataniuliza michoro yao imeenda wapi," akasema kwa upole. Tukakubaliana nizirudishe kabla ya Jumapili, pamoja na karatasi safi. Tulizibandua moja moja. Kurasa saba hazikuonekana. Watoto walikuwa wamekwenda nazo nyumbani.

Siku mbili mwenzangu alinisomea, "fungua mabano, nukta, funga mabano," nami nikiandika upya na kumkasirikia. Zile saba nilizitunga tena kichwani.

Baada ya hapo nilifungia disketi moja tu kabatini, pamoja na daftari. Anayeichukua aandike tarehe na alichobadilisha. Mwenzangu alinung'unika kwamba nimegeuza ofisi kuwa maktaba, lakini aliandika. Kila mara maneno yale yale: "Nimebadilisha kidogo."

Nampigia simu Kikima. "Kidogo gani?"

"Kidogo tu, dada."