Mkanda wa Kifuani wa Shanta la Turubai

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenionyesha asubuhi nyingi kuliko nilivyostahili, akanibakishia na kumbukumbu ya kuzisimulia. Namshukuru kwa pumzi ninayoivuta, na namshukuru kwa mkanda mmoja uliokatika siku ile ile ulipotakiwa kukatika. Habari ya mkanda huo ndiyo ninayokuandikia.

Mwanangu, juzi ulirudi kutoka Kariakoo umefurahi. Uliniambia umeona begi la mgongoni la turubai, la mtindo wa zamani, lenye mikanda ya ngozi na bizimu za shaba, ukaniuliza kama litakufaa kwa safari yenu ya kupanda milima ya Uluguru. Nikakujibu kwamba nitakuandikia. Ukacheka: "Babu, begi tu hilo!" Ndiyo, begi tu. Soma taratibu.

Nakumbuka asubuhi moja ya mwanzo wa masika, miaka ile ya Ujamaa, nami nina umri kama wako. Nilikuwa nimepanga chumba Mchafukoge. Vijana wa mtaa wetu tulikuwa tunajiandaa kutembea kwa miguu hadi Morogoro, kwenda kulima katika kijiji cha ujamaa, na kila mmoja aliambiwa ajitafutie kitu cha kubebea vyombo vyake. Siku zile hukuweza kuingia dukani ukachagua begi. Dukani kulikuwa na foleni ya sabuni na foleni ya unga. Kingine chochote ulikitafuta pembezoni mwa soko, kwa watu waliouza vitu vilivyokwisha kutumika.

Huko pembezoni alikuwako mzee mmoja muuza boriti za mikoko, akiitwa Mzee Kibwana. Boriti zake alikuwa akizikata mwenyewe, kule mto Msimbazi unakoingilia baharini. Juu ya rundo la boriti alitundika shanta, begi la mgongoni la turubai la kijani kilichofifia, limetazama barabarani, na kila nilipopita niliona kama linanitazama mimi. Siku hiyo nikasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Boriti za nyumba au za banda?"

"Sitaki boriti. Nataka hilo shanta."

Akaacha alichokuwa akifanya. "Unalijua?"

"Nalijua vipi, mzee? Ndiyo kwanza nalishika."

"Hujapata kumwona mtu amelibeba? Ndugu yako, jirani yako?"

"Hapana."

Akashusha pumzi, kama mtu aliyesikia hodi akadhani ni mgeni wake, kumbe siye. "Basi chukua. Limetazama barabara hii miaka mitatu, yatosha." Akataja bei ndogo hata nikaona haya. Nilipokuwa nalivaa, akanishika mkono. "Mkanda huu wa kifuani usiufunge."

"Kwa nini?"

"Usiufunge tu, kijana."

Wachukuzi waliokuwa wamekaa kwenye mikokoteni yao wakapata la kusema. "Jamani, konokono huyo! Ndugu, umehama na nyumba?" Mwingine akadakia, "Mwache, huyo anakwenda kuoa bara, humo ndani mna mahari!" Nikacheka nao, nikaondoka nikiwa nimesahau onyo la mzee.

Nisilitukane shanta lile, kwani lilikuwa zuri. Turubai lake lilikuwa nene, hukuweza kulitoboa kwa mwiba. Mshono wake ulishonwa na mtu aliyetaka udumu. Ukilitupa chini halilalamiki, likichanika unashona kwa sindano na uzi wa kawaida, na kadiri linavyochakaa ndivyo linavyopendeza. Mabegi yenu ya leo yakiharibika zipu yanakwisha. Lile halikuwa na zipu.

Lakini turubai na ngozi vina tabia moja. Vinashika umbo la aliyevitumia. Nilipolivaa, bega la kushoto lilikaa chini kuliko la kulia. Nikatazama mikanda, nikakuta wa kushoto umelegezwa matundu mawili zaidi. Nikailinganisha. Nikitembea kidogo tu, mwili wangu wenyewe unainama kushoto, kama kwamba shanta linanifundisha mwendo wa mtu mwingine. Na mkanda wa kifuani, ule niliokatazwa, ulikuwa umekatwa kwa kisu katikati, kisha ukashonwa tena kwa uzi mweusi, mishono mikubwa mikubwa ya mtu asiye fundi. Nikajiuliza ni nani atakata mkanda mzuri hivi wakati bizimu ipo.

Kila siku baada ya sala ya alfajiri nilijizoeza. Nilitia ndani matofali mawili na blanketi, nikatembea kutoka Mchafukoge hadi Magomeni na kurudi. Kila nilipopiga hatua, nyuma yangu nilisikia hatua nyingine, imechelewa kidogo. Nikisimama, inasimama. Mwanangu, sikuambii kwamba lilikuwa jini au mzimu. Huenda ilikuwa bizimu iliyolegea ikigonga turubai. Nakuambia nilichokisikia, na kwamba siku ya tatu nilikuwa nikisoma Ayatul Kursi njia nzima.

Siku ya nne, mtaa mmoja wa Magomeni, sauti ya mwanamke iliita nyuma yangu.

"Idi!"

Sikuitwa jina hilo, lakini niligeuka. Barazani alikuwa amesimama mama wa makamo, kofia aliyokuwa akiidarizi imemwangukia miguuni. Aliponiona uso, mikono yake ikashuka.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nimeona mgongo. Ule mwinamo wa bega."

Nyuma yake mlangoni alitokea mwanamke kijana, akanitazama kwa matumaini ambayo sikuwa na haki nayo, kisha akarudi ndani. Nilisema shikamoo, nikaenda zangu haraka.

Mchana wa siku hiyo nililigeuza shanta ndani nje, nilianike. Chini ya mfuniko, kwenye kitambaa cha ndani, niliona nakshi ya uzi mweupe. Niliitazama, ikawa si nakshi. Ilikuwa maandishi ya herufi za Kiarabu, kwa Kiswahili chetu, yamedariziwa kwa mshono ule ule wa kofia. Nami nilisoma chuo cha Kurani tangu mdogo. Yalisema: "Mwenye hili ni Idi wa Mwantumu, Magomeni. Mola, mrudishe kwangu."

Jua lilikuwa kali utosini, nami nikaurudisha mfuniko haraka.

Hapa ndipo lilipo kosa langu, na sitalifunika. Niliuliza watu, nikajua yote. Idi, mwana wa Bi Mwantumu, alizaliwa na bega moja limelala. Miaka mitatu nyuma, masika, aliondoka nyumbani na shanta lake kwenda bara kujitolea kama tulivyotaka kwenda sisi, na hakuonekana tena. Watu wakasema amepata mke mwingine kijijini, amemtupa mkewe Zaina, yule mwanamke kijana niliyemwona mlangoni. Zaina hakuwa mke na hakuwa mjane. Hakuweza kukaa eda ya mjane, hakuweza kuolewa, na kila jioni alipakua sahani ya tatu na kuifunika. Bi Mwantumu hakuweza kumsomea mwanawe hitima, kwa sababu nani anamsomea hitima mtu aliye hai?

Na mimi mgongoni nilikuwa na jibu lao, au mwanzo wake. Nilitakiwa niende saa ile ile. Lakini safari yetu ilikuwa imebaki siku sita, na nililipenda shanta. Nikajiambia, nitalirudisha nikitoka Morogoro. Wamengoja miaka mitatu, mwezi mmoja ni nini? Hivyo ndivyo nilivyosema, mwanangu, na nilikuwa na alama ya sijda usoni.

Kwa kuwa sikutaka kuonana na Bi Mwantumu, nikaacha njia ya barabarani. Nikaanza kupita chini, Bonde la Jangwani, katikati ya bustani za mchicha, ambako watu walivuka Msimbazi kwa kukanyaga mawe. Siku ya tatu ya njia hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi mto ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, mawe hayaonekani, na pale bondeni hapakuwa na mtu hata mmoja. Shanta lilikuwa likiteleza mabegani kwa umande na manyunyu. Ili litulie, nikaufunga mkanda wa kifuani.

Maji yalinifika magotini, kisha mapajani. Nikasikia ile hatua ya nyuma yangu, ndani ya maji. Nikageuka kutazama. Mguu ukakosa jiwe.

Sasa nikueleze ubaya wa turubai, ubaya ambao muuzaji hatakueleza. Turubai linakunywa maji. Blanketi nalo likanywa, na mzigo niliouzoea ukawa kama mtu mzima aliyenikumbatia kwa nyuma. Nikashika bizimu ya kifuani nijifungue. Haikufunguka. Ngozi ikilowa inavimba, tundu linaubana mwiba wa bizimu, na vidole vyenye baridi haviwezi kitu. Nilivuta, nikavuta. Maji yalikuwa masikioni. Na hapo, mwanangu, chini ya maji yale, nilijua kwa hakika jinsi Idi alivyokufa, kana kwamba ananieleza yeye mwenyewe, bila ugomvi. Nikaanza shahada.

Kisha kifuani pakalia kitu, tap. Ule uzi mweusi, ile mishono mikubwa ya asiye fundi, ulikatika. Mkanda ukaachia. Shanta likanitoka, nami nikainuka.

Nililikuta limenaswa kwenye mizizi ya ukingoni. Sikwenda kubadili nguo. Nilipanda hadi Magomeni nikichuruzika, nikasimama mbele ya ile baraza, nikaliweka shanta miguuni pa Bi Mwantumu, nikageuza mfuniko.

Hakulia. Aliupapasa mshono wake, kisha mkanda wa kushoto, akaona alama ya zamani ya bizimu, akahesabu matundu. "Matundu mawili," akasema. "Zaina, njoo. Matundu mawili." Halafu akaniuliza, "Tangu lini unajua?"

"Siku tatu, mama."

Akaurudisha mfuniko. Alipojibu alikuwa mpole, na upole wake umenichoma hadi leo. "Siku tatu. Zaina amefunika sahani tatu."

Tulikwenda wote Kariakoo. Mzee Kibwana alipotuona tunakuja na shanta, na akamwona yule mama anavyolibeba kama mtoto, akakaa juu ya boriti zake.

"Mmekuja," akasema. "Nimewangoja sana."

Akatusimulia. Masika ile, akikata boriti, alimkuta mtu kwenye mikoko, maji yamemleta, shanta limemfunga kifua. Bizimu ilikataa kufunguka. Akaukata mkanda kwa kisu. Aliogopa kuulizwa maswali na wakubwa, basi yeye na wanawe wawili wakamwosha kwa maji safi, wakamvisha sanda, wakamsalia, wakamzika mahali pa juu, wakasimamisha mti wa mkoko kichwani pake. Kusoma hakujua, maandishi alidhani ni nakshi. Akaushona mkanda, akalitundika shanta barabarani, apite mtu wake alitambue.

"Kwa nini hukutangaza?" Zaina aliuliza, sauti ndogo.

"Niliogopa, mwanangu. Nikaliachia shanta liseme."

Alituonyesha kaburi siku hiyo hiyo kabla ya alasiri. Ule mti wa mkoko ulikuwa wima. Hitima ilisomwa Magomeni, na wale waliosema Idi amemtupa mkewe walikuja, wakakaa nyuma. Shehe wa mtaa alimwambia Zaina maneno ambayo sijayasahau: "Mama, eda yako ilikwisha zamani, wakati bado unampakulia." Ndipo akalia. Mwaka uliofuata aliolewa na mtu mwema.

Shanta Bi Mwantumu alinirudishia mwenyewe. "Nenda nalo Morogoro," akasema. "Turubai halina kosa. Ila mkanda wa kifuani nimeukata kabisa." Nikaenda nalo, nikarudi nalo. Ile hatua ya nyuma sikuisikia tena.

Basi, mwanangu, jibu lako. Ukilipenda begi la turubai, linunue. Litakaa miaka, utalishona mwenyewe, litaufuata mgongo wako. Lakini ujue ni zito kabla hujatia kitu, joto lake mgongoni ni kubwa, na mvua ni adui yake. Lipake nta mishononi, nguo zako zitie kwenye mfuko wa nailoni ndani yake, ngozi uipake mafuta isikakamae. Na kabla ya kuvuka maji yoyote, hata ya kifundoni, fungua mkanda wa kifuani. Usiamini bizimu.

La pili ndilo kubwa. Ukishika habari ya mtu mwingine, ya uhai au ya kifo, usilale nayo. Mzee Kibwana aliichelewesha kwa hofu, mimi kwa tamaa, na kila siku yetu moja ilikuwa sahani moja iliyofunikwa Magomeni. Usimpangie mwenzako muda wa kungoja.

Mwenyezi Mungu akuongoze huko milimani na akurudishe kwetu ukiwa mzima. Nawe mwingine uliyeokota karatasi hii ukaisoma, Mola akupe mtu wa kukata mkanda wako siku bizimu itakapokataa, na siku ya mwenzako akujalie kisu kiwe mkononi mwako. Amin.