Fundo la Nyuma

Neno "kufungwa" nililijua tangu utotoni. Mtaani kwetu Shauri Moyo, mbuzi wa Krismasi alifungwa. Mwizi aliyenaswa na umati alifungwa kamba akingoja polisi. Na mimi nilifungwa: leso kiunoni, ncha ya pili kwenye mguu wa kibanda cha mama sokoni Gikomba, nisije nikatambaa hadi kwenye mikokoteni. Kisa hicho tulikicheka nyumbani miaka mingi. Sikuwahi kuona ubaya wake.

Jumapili moja mwaka jana, baada ya kanisa, nilitoka Tassia ninakoishi nikaenda kumwona mama. Alikuwa ameanza kusahau mambo, hata sisi wanawe, na dada yangu mkubwa ndiye aliyekaa naye katika nyumba ile ile ya zamani. Nilisukuma mlango nikamkuta mama kitini, leso imemzunguka tumbo na kiti kwa pamoja. Mkate niliobeba ulianguka. Nilipiga yowe, sifichi.

"Umemfunga mathe?"

"Hajafungwa," dada alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Nimemshikilia tu."

"Hiyo inaitwa kufunga! Sema neno lenyewe!"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe unakuja Sunday na mkate, unaenda. Juzi tulimtoa katikati ya Jogoo Road, ati anawahi kibanda. Na kibanda kilibomolewa kitambo."

Sikutaka kusikia. Nilifungua fundo, nikaitupa leso kitandani, nikamwambia dada aende kwa jirani apumzike, leo mama atalindwa kama binadamu. Alijifuta mikono akatoka. Nilijiona mtoto mwema kuliko wote, na ninaona aibu kuyaandika haya.

Nikageuka kuchemsha chai. Chai tu. Nilipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu na mlango wazi.

Nilikimbia bila viatu. Nilimkuta kando ya barabara, ndala mguu mmoja, mwanamume wa mkokoteni amemshika kiwiko.

"Huyu ni mzazi wako?" alinifokea. "Lori imemkosa hivi!" Akanionyesha upana wa kiganja chake.

Mama alikuwa akitabasamu. Alisema amechelewa sokoni.

Nilimrudisha nyumbani, nikamketisha, nikaiokota leso. Sikuamini kwamba mikono ile ilikuwa yangu. Nilimfunga fundo likiwa mbele, juu ya tumbo, kwa sababu sikuthubutu kupita nyuma yake kama mwizi. Nilikuwa nalia waziwazi.

Mama alilitazama lile fundo. Akalifungua kwa vidole viwili, akanirudishia ncha za leso mkononi. Hakunijua. Alinisemesha kwa upole, vile alivyowasemesha kina mama wageni waliokuja kuuza karibu naye na watoto wao wadogo.

"Sivyo, mama. Fundo weka nyuma. La mbele mtoto atalifungua aende barabarani. Wangu namfunga hivyo hivyo, na ni mtundu huyo! Atalia kidogo, kisha atazoea."

Akainama mbele ili nifikie mgongo wa kiti.

Dada aliporudi alikitazama kiti, kisha akanitazama mimi.

"Nimemfunga," nilimwambia.