Kigoda cha Ruan Peizhen

"Dada Peizhen, mbona huziuzi hizo hisa kabla hazijawa karatasi za kufungia samaki?" Jirani yetu Xiang alimuuliza hivyo mlangoni, hapa Wenzhou, meno yote nje.

"Nikuuzie wewe?"

"Mimi? Nina wazimu?"

"Basi na huyo nitakayemuuzia hana wazimu, ila hajui tu. Nimtupie mwenzangu nyoka begani, halafu Jumapili niende kuimba?"

Xiang akacheka, akaingia kwake.

Namjua Ruan Peizhen tangu tulipokuwa wasichana wa kwaya moja. Maisha yake yote ya kazi alikoroga mapipa ya sosi ya soya kiwandani, na kampuni ilipoanza kuuza hisa akatia humo akiba yake ya uzeeni. Alisema anajua kilichomo mle mapipani. Kweli alijua. Kilichokuwamo kichwani mwa mwenyekiti wa kampuni ndicho hakukijua, na hapo ndipo wengi wetu tulipoumia.

Mwaka huo Xiang alipouliza, mwenyekiti alitaka kumuuzia shemeji yake kiwanda kwa bei ya kutupa. Sheria haikumruhusu yeye kupiga kura katika hilo, kwa hiyo uamuzi ulibaki kwetu sisi wenye hisa chache. Kiwanda kikienda, hisa zetu zingebaki jina tu. Basi akatuletea majumbani chupa za mafuta ya kupikia, ili tutie sahihi ya kukubali. Peizhen aliiacha yake nje, ikanyeshewa. Mkutano wenyewe ukapelekwa hotelini huko milimani, ambako basi hufika mara moja tu kwa siku, ili tuchoke tusiende.

Tulikwenda. Mlangoni katibu wa kampuni, kijana wa tai, akatuzuia kwa upole wa kikazi.

"Shangazi, viti vimejaa."

Peizhen akakunjua kigoda chake, kile anachokalia ofisini kwa dalali wa hisa akitazama bei ubaoni. "Nimekuja na changu, mwanangu. Wewe nionyeshe pa kukiweka tu."

Akakiweka mbele kabisa, chupa ya chai mapajani. Mwenyekiti akasoma pendekezo lake haraka kama anayefukuzwa, kisha akataka kura zipigwe. Peizhen akasimama.

"Kiwanja peke yake kina thamani kubwa kuliko bei hiyo. Nani aliyekadiria?"

"Wataalamu."

"Wana majina?"

"Bibi, muda umekwisha."

"Labda wako. Mimi nimestaafu."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akaamuru taa zizimwe, ukumbi ukabaki na mwanga wa madirishani. Lakini waliokuwa wameshashika mikoba yao wakaketi tena, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo, Mungu anisamehe woga wangu. Peizhen akafungua chupa yake, akakuta majani ya chai matupu, akamnyooshea katibu.

"Naomba unijazie maji ya moto, mwanangu. Bado nina maswali."