Mbuke na Kopo la Mvua

Wako wanaojivunia ng'ombe, wako wanaojivunia mtoto aliyepata kazi serikalini. Mimi najivunia jirani. Jirani yangu ni Mbuke Masalu, mama yake Edson, mjane aliyevuka sitini, mkulima wa mpunga na mahindi katika kijiji chetu kilichoko kati ya Kahama na Katoro. Anayetaka kumsema vibaya aende akamsemee mbali na mlango wangu.

Uani kwa Mbuke, mahali pasipo na mti wala paa, palisimikwa nguzo yenye kopo la bati. Ni kipima mvua. Watu wa hali ya hewa walikuja kutafuta mtu wa kujitolea kukitunza. Wanaume wetu waliuliza posho ni kiasi gani, na waliposikia hakuna, kila mmoja akakumbuka ana shughuli shambani. Mbuke akasema kileteni kwangu. Tangu hapo, mvua ikinyesha, asubuhi anamimina maji ya kopo kwenye bilauri yenye mistari, anasoma yamefika wapi, anatuma hesabu kwa simu. Nao humtumia habari za mvua zijazo, naye hututangazia wote bila kubagua.

Jumapili hakosi kanisani, anaimba kwaya, sauti mbaya lakini moyo mzuri. Kuna siku mama mmoja wa jumuiya alimchokoza kwamba kupima mvua ni kumkagua Mungu. Mbuke akamjibu kwamba yeye humwomba Mungu mvua, kisha hutazama amepewa kiasi gani. Akauliza ni nani hupewa unga asichungulie ndani ya debe.

Halafu ukaja mwaka wa jua. Mawingu yalijikusanya upande wa Geita, yakatunguruma, yakatupita. Katekista aliongoza sala, na sheikh akawatoa waumini wake uwanjani kuomba mvua. Kwa hao sina ugomvi, nami niliomba. Ugomvi wangu ni kwa wale waliosema amina kisha wakachukua simu wakampigia mganga. Siku hizi ramli inapigwa kwa simu, jamani. Hata kuku wa kutazamiwa hapelekwi tena, mganga anatumiwa picha yake. Jibu likaja kwamba kuna mwanamke anayefunga mvua ya kijiji ndani ya kopo.

Wakaanza kusema lisemwalo lipo. Mimi nikasema lisemwalo wakati mwingine ni uongo mtupu, lakini nani anamsikiliza muuza maandazi kama mimi. Na hili halikuwa neno la kuchezea. Huku kwetu kuna vikongwe waliodhaniwa wachawi wakakatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu tu, mekundu kwa moshi wa jikoni. Edson, anayefanya kazi kwenye karasha ya kusaga mawe ya dhahabu huko Katoro, alikuja na pikipiki amchukue mama yake siku ileile. Mbuke akampikia ugali, akamwambia arudi kazini. Alisema akiondoka atakuwa amekiri.

Likaitishwa dagashida, ule mkutano wetu wa kijiji kizima. Aliyeuongoza ni Ignas, mkuu wa sungusungu, mtu wa sauti nzito anayependa kusikilizwa. Ikaamuliwa kopo litolewe kwa Mbuke, likakae kwa Ignas chini ya ulinzi. Mvua ikinyesha baada ya hapo, mkosaji atakuwa amejulikana, na Mbuke atatengwa: asisalimiwe, asipewe moto, akifa asizikwe na mtu. Nilisimama kupinga nikaambiwa nikae. Mbuke hakubishana. Alilibeba kopo mwenyewe, pamoja na nguzo na bilauri, hadi kwa Ignas, akamwelekeza alisimike mbali na miti lisije likadanganya. Ignas akalisimika katikati ya uwanja wake, kila apitaye aone liko mikononi mwa nani.

Wiki ileile mvua ikanyesha. Ilinyesha ya kuchimba mifereji. Mimi niliyekuwa na shamba kavu nililia kwa hasira badala ya kushangilia. Wanawake walipiga vigelegele, na kisimani watu wakaacha kumwitikia Mbuke. Nikawa namwamkia shikamoo ya kusikika ng'ambo ya barabara. Walisema wamalize kupanda kwanza, kisha wamtenge rasmi.

Wakapanda. Mbingu zikafunga tena. Mahindi yaliyofika magotini yakajikunja, mpunga ukawa wa njano. Watu wakageuka kutafuta kopo liko wapi, na kopo lilikuwa kwa Ignas.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Paskazia, mke wa Ignas, alikwenda kisimani akakuta ndoo yake imesukumwa nje ya foleni. Bati la nyumba yao likapigwa mawe. Ignas hakuweza hata kuling'oa lile kopo, maana akiling'oa watasema anaficha, akiliacha watasema anaendelea kufunga. Mtu aliyezoea kuita mikutano akaitiwa mkutano yeye.

Nilimshauri Mbuke abaki nyumbani amwache Ignas aive kwenye chungu alichokiinjika mwenyewe. Nilimwambia wakimshika Ignas yeye yuko salama, watamsahau. Naye alijua hivyo. Alijifunga kitenge akatoka, nami nikamfuata huku nanung'unika.

Ignas alikuwa amesimamishwa katikati, kofia mkononi. Vijana walikuwa na fimbo. Mmoja alimwuliza aseme mvua ameipeleka wapi, na ile sauti nzito haikutoka. Mbuke akaomba neno. Wengi walidhani amekuja kumkandamiza, wakampisha haraka.

"Baba yangu Masalu alikuwa mganga wa mvua," alisema. "Wazee mliopo mnamkumbuka. Ikinyesha mlimletea mbuzi, naye alipokea. Mwaka ilipokosekana mlimfunga kamba mkamlaza juani shambani. Nilikuwa mtoto, nikampelekea maji, mkanifukuza. Alikuwa anaomba radhi kwa kosa ambalo hakulijua. Kopo hili nililikubali kwa sababu hiyo. Nilitaka kijiji hiki kijue mvua inapimwa, haishikwi na mtu, ili asifungwe mwingine."

Akamwelekezea mkono Ignas.

"Mvua ile mliyopandia ilinyesha kopo likiwa kwake. Nani alimpelekea hata yai la shukrani?"

Watu walitazamana, kisha wakatazama chini.

"Hakuna. Basi kama iliponyesha haikuwa yake, ilipokosekana itakuwaje yake? Na kama si yake, haikuwa yangu."

Nilitamani kupiga kigelegele nikajizuia, maana fimbo zilikuwa bado mikononi mwa vijana. Mbuke alikuwa anaogopa kama ambavyo ningeogopa mimi, na bado alikuwa amesimama kati ya fimbo na mtu aliyetaka kumnyima kaburi. Nimesikia mahubiri mengi ya kumpenda adui. Siku ile niliyaona yamevaa kitenge.

Hakuna aliyeomba msamaha, tusidanganyane. Mzee mmoja alisema jua kali na palizi inangoja, vijana wakaziburuza fimbo zao chini, mkutano ukavunjika wenyewe. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba kwa wote, kwa aliyelaumu na aliyelaumiwa.

Asubuhi iliyofuata mkutano ule, Ignas alikuja na nguzo begani na kopo mkononi, akipita barabara kuu mbele ya maduka. Alichimba shimo palepale pa zamani. Alipomaliza alipiga goti kidogo, akampa Mbuke bilauri kwa mikono miwili.

"Mayu," alimwita, yaani mama, kwa Kisukuma. "Na wakianza tena?"

"Safari hiyo utasimama wewe," Mbuke akamjibu, akaenda kumletea uji.

Na walianza tena, msimu huu uliopita. Mvua ilikawia kidogo tu, na yale maneno yakarudi kisimani. Kijana mmoja aliyetoka machimboni, simu mbili mkononi na hirizi kiunoni, akaitaka dagashida, ikaitishwa. Mbuke alikuwa ameshaanza kuinuka, mkono gotini, nilipoisikia ile sauti nzito kutoka nyuma yetu.

"Kopo hilo limekaa kwangu," alisema Ignas. "Nimelichungulia asubuhi na jioni, kwa hofu, wakati mnanipiga mawe. Sikukuta ndani yake kitu ambacho Mungu hakukitia. Anayesema Mbuke anafunga mvua aanze kunifunga mimi."

Mbuke akarudi kukaa.